Je, Lazima Uwe na Shahada ya Haki Jinai Ili Uwe Polisi Marekani?

Wengi huamini kwamba anayetaka kuwa polisi Marekani lazima asome shahada ya haki jinai (masomo ya uhalifu, polisi, mahakama na magereza), na kwamba akishaipata, ajira ni ya uhakika. Ni rahisi kuelewa kwa nini: jina la shahada linafanana na kazi yenyewe.

Lakini Marekani haina jeshi moja la polisi. Ina vyombo takribani 18,000 vya kusimamia sheria, vya miji, kaunti, majimbo na serikali kuu, na kila kimoja kina masharti yake. Vingi vya miji na kaunti hupokea mwenye cheti cha sekondari. Vingine hudai masomo kiasi ya chuo. Vya serikali kuu vinavyotaka shahada mara nyingi hukubali fani yoyote, na uhasibu, kompyuta au lugha ya kigeni huweza kumfaa mwombaji zaidi. Mwenye shahada naye hupitia mafunzo ya polisi, upekuzi wa historia yake na vipimo vya afya.

Kabla ya kulipa ada, soma tangazo la ajira la idara unayoitaka, hasa sifa za mwombaji. Kisha angalia ithibati ya chuo, yaani kutambuliwa rasmi kuwa kinafikia viwango, katika orodha ambayo wizara ya elimu ya nchi hiyo huiweka wazi mtandaoni. Hili nalisisitiza sana: bila ithibati, mwanafunzi hapati mkopo wa serikali kuu, na akihama, chuo kingine chaweza kuyakataa masomo yake. Kiulize pia chuo wahitimu wake wameajiriwa wapi.