Kidonda cha kinywani kisichouma kisikutulize

Wengi wanaokuja kliniki ya kinywa na meno huletwa na maumivu. Jino limewanyima usingizi, au kuna kidonda ulimini na hata mchuzi hauliki. Kile cha mviringo, cheupe katikati na chekundu pembeni, kinauma kweli, lakini kwa kawaida hupona chenyewe ndani ya siku 7 hadi 14. Anayenitia hofu ni yule asemaye, "Kipo siku nyingi daktari, ila hakinisumbui." Saratani ya kinywa mwanzoni mara nyingi haiumi.

Kwa hiyo hesabu siku. Kidonda, uvimbe, doa jeupe au jekundu likipita wiki 2, lionwe na daktari. Akilitilia shaka atakata kipande kidogo kikapimwe maabara. Simama mbele ya kioo na tochi ya simu, vua meno bandia kama unayo, inua ulimi, kisha uvute upande huu na huu. Pembeni na chini ya ulimi ndiko saratani hupenda kuanzia. Mtafuna tumbaku au mbwia ugoro atazame pale pale anapoibana. Mla tambuu yenye popoo akiona mdomo haupanuki kama zamani, asingoje hata hizo wiki 2.

Utando mweupe ufute taratibu kwa kitambaa safi chenye maji. Ukitoka na kuacha wekundu, yaelekea ni fangasi: huwapata watoto wachanga, wenye kisukari au VVU, na wanaolala na meno bandia. Utando huo una dawa. Usiofutika ndio wa kuhesabiwa siku.

Mwinuko mgumu wa mfupa katikati ya kaakaa, vipunje vya manjano ndani ya mashavu, ulimi wenye mabaka yanayohamahama kama ramani: hivyo ni maumbile tu, havina ubaya.

Pia ni maumbile vile vinundu vyeupe kwenye fizi za mtoto, vinavyoitwa "meno ya plastiki" na kusingiziwa homa na kuharisha. Ni chonge za utotoni ambazo hazijaota. Nimeona watoto waliokwanguliwa fizi kwa kisu kisicho safi. Wengine hutoka damu nyingi, hupata maambukizi, na hata chonge za ukubwani huota zimeharibika au zisiote kabisa. Mtoto anayeharisha apewe maji ya ORS na kupelekwa kituo cha afya. Fizi zake ziachwe.