Shamba lililolazwa lina mwenyewe

Ukipita Kilwa au Liwale, kusini mwa Tanzania, mwishoni mwa kiangazi, shamba jipya la ufuta hunusika kabla halijaonekana. Magogo yamelala meusi, majivu yanapeperuka, na visiki vimesimama vikifika magotini. Mwenye shamba atavuna misimu miwili au mitatu, halafu magugu na mnyauko vitamshinda, naye atafyeka mbele kidogo. Sisi watu wa misitu tumezoea kumwita mharibifu. Mimi mwenyewe nimeshaandika hivyo kwenye ripoti, na leo nisingeandika.

Majivu hupunguza tindikali ya udongo na kuupa potasiamu, kalsiamu na fosforasi. Naitrojeni nyingi hupotea na moshi. Ndiyo maana mavuno hushuka mapema, na ndiyo maana ardhi lazima ilazwe, yaani ipumzishwe bila kulimwa kwa miaka. Kikague kile kisiki mvua zikishaanza: pembeni mwa gome yametoka machipukizi mekundu, laini, saba au nane kwa pamoja. Miti ya miyombo, ile inayotawala misitu ya ukanda huu, haianzi upya kwa mbegu tu. Mizizi yake iko hai chini na inasubiri nafasi. Iachwe miaka ishirini na kuendelea, msitu utarudi. Ifyekwe tena baada ya miaka mitano, kisiki kinachoka na nyasi zinatawala.

Moto nao una wakati wake. Majaribio yaliyoanza Ndola, Zambia, mwaka 1933 yalionyesha kwamba msitu wa miyombo unaochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi hugeuka kuwa uwanja wa nyasi, ilhali uchomaji wa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, miti huuvumilia.

Basi kwa nini muda wa kulaza unafupishwa? Ongezeko la watu na bei ya ufuta vinachangia, hilo halina ubishi. Lakini kuna sababu nyingine tusiyopenda kuisema, kwa kuwa inatugusa sisi wataalamu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakubali kwamba ardhi iliyolazwa ni sehemu ya matumizi ya kijiji. Inataja ardhi ambayo wanakijiji wameitumia katika miaka 12 iliyotangulia sheria hiyo, hata kama ilikuwa imepumzishwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka huohuo, katika tafsiri ya ardhi ya jumla, yaani ile iliyo chini ya serikali kuu badala ya kijiji, inaingiza ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sasa shamba la miaka kumi na tano ya mapumziko, lenye miti mirefu kuliko nyumba, mgeni ataliita nini? Ataliita pori.

Nimekaa kwenye mikutano ya mpango wa matumizi bora ya ardhi ambako eneo kama hilo lilipakwa kijani kwenye ramani, likaandikwa hifadhi au akiba, na mwenyewe akapata habari siku ya kuwekwa vibao. Jirani yake akajifunza: akafyeka lake lote mwaka uleule ili lionekane lina mtu. Hakuhitaji shamba kubwa kiasi hicho. Alihitaji ushahidi.

Msitu wa hifadhi wa kijiji ni jambo jema. Mwaka 2009 misitu ya Kikole na Kisangi, huko Kilwa, ilipata cheti cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha misitu inayotunzwa vizuri, na mbao za msitu wa namna hiyo huingiza fedha kwenye mfuko wa kijiji. Ila fedha hiyo hujenga ofisi na madarasa. Bati la nyumba ya mkulima bado linatoka kwenye ufuta. Mpango unaotenga hifadhi bila kutenga mzunguko wa mashamba unausukuma ufuta uingie ndani ya hifadhi hiyohiyo.

Kabla ramani haijachorwa, kamati ya maliasili itembee na wazee na iandike kila konde lililolazwa: nani alilifyeka, lililazwa mwaka gani, linapakana na nani. Maeneo hayo yawekwe kwenye mpango kama ardhi ya kilimo cha mzunguko, yakiwa na miaka ya chini ya kupumzika na mwezi wa mwisho wa kuchoma, kisha mkutano mkuu wa kijiji uyapitishe kwenye sheria ndogo. Urefu wa kukata kisiki nao uandikwe. Na orodha ya makonde ibandikwe ofisi ya kijiji, pale watu wanaposomea matangazo ya mbolea, wiki kadhaa kabla ya mkutano.