Kupeleka Injili ugenini: dhana tulizozoea na ukweli wake

Kila semina ya uinjilisti niliyohudhuria ina mambo yanayorudiwa mpaka yanaonekana kweli. Wanaoumia si sisi wahubiri, ni wale tunaowaendea.

Dhana: Ukijua Kiswahili, lugha si tatizo tena.

Kiswahili kinakufikisha mlangoni tu. Chukua Ufunuo 3:20: "Tazama, nasimama mlangoni, nabisha." Kwa Mswahili picha inakuja yenyewe: mgeni yuko nje, amepiga hodi, anasubiri aambiwe karibu. Lakini wafasiri wa Biblia wamesimulia kuhusu Wazanaki wa Mara kwamba kwao mtu mwema akifika huita jina la mwenye nyumba, sauti yake itambulike. Anayegonga mlango kimyakimya ni mwizi anayepima kama wenyeji wamelala. Ukiutafsiri mstari huo neno kwa neno, umemfanya Yesu mwizi wa usiku! Kwa hiyo kwao inabidi asimame mlangoni na kuita. Maana ni ileile, ila adabu ya mlangoni ni nyingine.

Au nenda Umaasaini. Mungu ni Engai, na neno hilohilo ndilo mvua, tena kisarufi lina umbo la kike. Mhubiri anayeanza na "Baba yetu" kupitia mkalimani, bila kulijua hilo, hajui wasikilizaji wake wamesikia nini.

Dhana: Watu hao hawakuwahi kumjua Mungu.

Wachaga walimwita Ruwa na Wakikuyu Ngai kabla mmisionari yeyote hajafika, na majina hayo ndiyo yaliyoingia katika sala zao za Kikristo. Paulo naye huko Athene alianzia kwenye madhabahu aliyoikuta palepale, iliyoandikwa kwa Mungu asiyejulikana (Matendo 17).

Dhana: Imani ni ya mtu mmoja mmoja, popote uendapo.

Hapa nitakaa kidogo, maana mwenyewe nimelelewa katika kanisa linaloita watu mbele mmojammoja. Mwaka 1966 Vincent Donovan, padre Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu aliyekuwa Loliondo, alimwomba askofu wake ruhusa ya kwenda kwenye maboma kuzungumza na Wamaasai habari za Mungu tu, bila kutanguliza shule wala hospitali. Alifundisha karibu mwaka mzima. Ubatizo ulipokaribia akaanza kuwachambua: huyu yuko tayari, huyu alikosa vipindi vingi, yule hajaelewa. Mzee wa boma akamzuia. Kwa nini unatutenganisha? Wavivu wamesaidiwa na wenye bidii, na wazito wa kuelewa wamesaidiwa na wenye akili. Boma lilikuwa limejadiliana jioni baada ya jioni na kuamini pamoja. Padre akakubali, akawabatiza wote.

Bado naamini ukoo hauwezi kutubu kwa niaba ya mtu. Lakini yule mzee alikuwa ameelewa kanisa ni nini kuliko aliyekuja kumfundisha, na hilo halijaacha kunisumbua.

Dhana: Aliyeokoka huacha mila zote. (Na siku hizi kinyume chake: mila zote ni sawa, tusiguse chochote.)

Mitume walikutana Yerusalemu kwa jambo hilihili. Matendo 15 inasema waamini wa Mataifa hawakutwishwa tohara, ila walikatazwa mambo machache kwa majina yake. Huko Masasi, askofu Mwanglikana William Vincent Lucas aliliingiza jando ndani ya kanisa, vijana wakatahiriwa kwa sala na mafundisho ya Kikristo badala ya kuchagua kati ya ukoo wao na ubatizo. Ukeketaji wa wasichana ni jambo jingine. Unaumiza na unaua, na hauna sala ya kuutakasa. Kila mila ipimwe, na wenyeji wenyewe wawe kwenye upimaji huo.

Dhana: Shida hii ni ya Wazungu, Mwafrika kwa Mwafrika haipo.

Mwulize Apolo Kivebulaya. Muganda huyu alibatizwa 1895, na mwaka uliofuata akaenda Boga, ambayo leo ni Congo. Ngozi ilikuwa moja, lakini mtu wa migombani alikuwa ameingia kwa wafugaji wenye lugha yao na heshima zao. Alipigwa, akasingiziwa kuua mtu, akafungwa. Akatoka, akarudi kulekule. Miaka mingi baadaye, tayari ni mzee, akaanza upya tena kama mgeni, safari hii kwa Wambuti wa msitu wa Ituri wanaoishi kwa kuwinda.

Alifariki 1933. Desturi ya kwao ilikuwa kumlaza marehemu kichwa kikielekea nyumbani, na Buganda iko mashariki. Apolo aliagiza cha kwake kielekezwe magharibi, msituni.