Je, wajua kwa nini kompyuta huganda ukisakinisha Linux?

Flashi umechomeka, menyu ya GRUB (programu inayouwasha mfumo) imetokea, umechagua kusakinisha Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya mfumo endeshi wa Linux. Ghafla skrini nyeusi, na haitoki hapo. Wengi huilaumu Linux papo hapo au kuitupa flashi, ilhali swali lenye maana ni moja: imeganda katika hatua gani?

Ikiganda mapema, hata kabla hujaulizwa lugha, mshukiwa mkuu ni kadi ya grafiki, hasa ya Nvidia. Menyu ile ya mwanzo huchorwa kwa msaada wa BIOS au UEFI, programu ndogo iliyomo ndani ya kompyuta yenyewe, ndiyo maana huonekana bila tabu. Kerneli, yaani kiini cha Linux, ikishaamka huichukua skrini yenyewe na kuiamrisha kadi moja kwa moja. Kwa kadi za Nvidia, kazi hiyo huangukia draiva (programu ya kuendesha kifaa) iitwayo nouveau, ambayo waundaji wake kwa miaka mingi walilazimika kuichunguza kadi inavyofanya kazi, kwa kuwa kampuni haikuwapa nyaraka. Kadi ikiwa mpya kuliko kerneli uliyonayo, hawaelewani.

Bonyeza Caps Lock. Taa yake ikitii kidole chako, kompyuta i hai na shida ni picha tu. Kwenye laptopu nyingi, taa hiyo ikipepesa yenyewe ujue kerneli imekufa.

Kama ni picha, washa upya. Menyu ikitokea usibonyeze Enter, bonyeza herufi e. Tafuta mstari unaoanza na neno linux, futa quiet splash, andika nomodeset mahali pake, kisha F10. Umeiambia kerneli isiguse mipangilio ya skrini. Picha itakuwa duni kidogo, lakini utasakinisha, na draiva rasmi ya Nvidia utaiweka baadaye. Kufuta yale maneno mawili nako kuna faida: maandishi yaliyokuwa yamefichwa yatapita mbele yako, na mstari wa mwisho mara nyingi hutaja palipokwama.

Ikiganda katikati, wakati wa kunakili mafaili, achana na kadi. Ukiona Errno 5 au SQUASHFS error, data haisomeki. Faili la Ubuntu 24.04 lina zaidi ya GB 5, na kwa bando linalokatikakatika ni rahisi lifike na kasoro. Endesha sha256sum, amri inayokokotoa alama ya kulitambua faili, juu ya faili ulilopakua, ulinganishe herufi na tarakimu 64 utakazopata na zile za tovuti ya Ubuntu. Zikitofautiana hata moja, pakua upya. Zikilingana, iandike flashi upya au tafuta nyingine.

Na kama kila ukijaribu inakwama mahali tofauti? Hapo mimi hushuku RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Memtest86+, programu ya kuipima, ni ya bure. Iache izunguke usiku kucha. Ikikuonyesha mistari myekundu, chomoa vipande vya RAM na ukipime kimoja kimoja.