Ndugu akisaini haimaanishi mgonjwa hana sauti

Wengi wanadhani mtu akishaambiwa ana ugonjwa wa kusahau basi kwenye utafiti hana la kusema tena, ndugu anasaini fomu, kazi imeisha. Si kweli jamani. Uwezo wa kuamua unaangaliwa kwa jambo husika na kwa wakati huo, sio kwa jina la ugonjwa, mtu anaweza asielewe majaribio ya dawa yenye makundi mawili ila akaelewa vizuri tu kwamba anatolewa damu kidogo na anaruhusiwa kukataa, na mwingine asubuhi yuko poa jioni kachanganyikiwa, sasa mtafiti unamfuata jioni ya nini?

Hata ndugu akisaini, Azimio la Helsinki (mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa tiba kwa binadamu, wa 1964, umerekebishwa mara kadhaa) linataka mgonjwa mwenyewe aulizwe pia kama anaweza kujibu, na akikataa aheshimiwe. Akivuta mkono akiona sindano, mi naihesabu hiyo ni hapana. Saini peke yake haitoshi, tulishaona Willowbrook, kituo cha malezi huko New York, kuanzia miaka ya 1950, watoto wenye ulemavu wa akili waliambukizwa homa ya ini makusudi na wazazi walikuwa wamesaini.

Ila kuwafungia nje kabisa nako hapana, dawa za ugonjwa wao zitajaribiwa kwa nani?