Gari halina sailensa: yanayosemwa gereji kuhusu kabureta ya kompyuta

Gari likikosa sailensa hapa Kampala, mkono wa kwanza kuingia chini ya boneti huwa umeshika bisibisi. Sisemi sailensa ya bomba la moshi. Nasema ule mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta, unaotakiwa kutulia ukiwa kwenye foleni. Kwa magari ya Japani ya miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, yale ambayo kabureta yake (kifaa kinachochanganya hewa na petroli) inaamriwa na kompyuta ndogo, bisibisi hiyo imeharibu mengi kuliko iliyotengeneza. Na magari haya hayaongezeki: tangu 2018 sheria ya Uganda hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi. Yaliyopo ndiyo hayo.

«Geuza skrubu tu, itatulia»

Itatulia, hadi kesho. Kwenye bomba la moshi kuna sensa ya oksijeni. Mafuta yakiwa haba inatoa kama volti 0.1, yakizidi inakaribia 0.9. Kompyuta inasoma hizo volti, kisha inafungua na kufunga vali ya umeme ndani ya kabureta mara nyingi kwa sekunde, ili mchanganyiko ukae karibu na kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Ukigeuza skrubu ya mchanganyiko, kompyuta inajaribu kurudisha ulichobadilisha. Ukiigeuza sana, inafika mwisho wa uwezo wake na kukwama hapo. Ndiyo maana viwanda vingi viliiziba skrubu hiyo kwa kifuniko cha chuma. Ukikuta kifuniko kimetobolewa, jua umetanguliwa.

«Kompyuta imekufa»

Hili ndilo linalokula pesa za watu. Kompyuta hizi hufa mara chache sana. Kinachokufa ni mipira. Gari la miaka 30 lina mipira ya vakyumu, yaani inayobeba mvuto wa hewa wa injini: myembamba kama tambi inayokwenda kwenye distributa (inayogawia plagi umeme), choki (kilango cha hewa juu ya kabureta) na vali kadhaa, na mmoja mnene wa buster, kifaa kinachokusaidia kukanyaga breki. Joto limeikausha hadi inavunjika ukiigusa. Penye ufa hapo inaingia hewa ya wizi, hewa ambayo haikupita kwenye kabureta. Ukiwa barabarani huisikii, kwa sababu injini inavuta hewa nyingi. Kwenye sailensa injini inavuta kidogo tu, na hiyo kidogo ya wizi inatosha kuitetemesha.

Langu lilikuwa linazima kila nikishika breki kwenye taa, na eneo la Clock Tower taa hazikosi. Gereji ya kwanza waligeuza skrubu. Ya pili wakasema kompyuta, tena walikuwa na nyingine ya kuniuzia. Mzee mmoja jirani yangu, wala si fundi wa magari, anatengeneza mashine za kusaga, aliniuliza swali moja: «Linazima ukishika breki tu?» Akabana mpira mnene wa buster kwa koleo, gari likiwa limesimama, akaniambia nikanyage breki. Halikuzima. Buster ilikuwa imepasuka ndani.

Tangu siku hiyo kipimo changu ni koleo: bana mpira mmoja mmoja, sikiliza injini. Ukibana ukaona imetulia, mwizi yuko upande huo. Ukipenda, funga choki kidogo kwa kidole injini ikiwa na moto. Ikitulia badala ya kukohoa, ilikuwa inakosa mafuta, na mara nyingi sababu ni hewa. Usisahau gasketi nene chini ya kabureta, nayo hupasuka. Mipira mipya inauzwa kwa mita Kisekka, kwenye soko la vipuri. Chukua ya vakyumu, si ya petroli, na usikubali mtu akuzibie tundu kwa bolti.

«Moshi mweusi ni jeti kubwa»

Huenda, maana jeti ni kitundu kinachopimia kabureta mafuta. Lakini fikiria plagi moja isiyochoma vizuri. Hewa ya silinda hiyo inatoka na oksijeni yake yote, sensa inaiona, inatoa taarifa kwamba mafuta ni haba, na kompyuta inaongeza mafuta kwa utiifu. Bomba la moshi likiwa na ufa kabla ya sensa ni hadithi ileile. Kompyuta haijakosea, imedanganywa. Anza na plagi, waya na kifuniko cha distributa.

«Taa ya injini haijawaka»

Haina macho ya kuona mpira uliochanika.

«Nimeona video, ni digrii 30»

Hizo digrii 30 za mita ya dwell, inayoonyesha vali ya kabureta inakaa na umeme kwa muda gani, kwenye skeli ya silinda sita, ni za kabureta za General Motors za Marekani kuanzia 1981. Maelezo yake ni sahihi, kwa gari lake. Corolla yako haikusomea shule hiyo. Kinachofanana ni hiki: sensa haifanyi kazi hadi ipate joto la kama nyuzi 300, na ile isiyo na hita ndani hupoa ukikaa sana kwenye foleni. Kabla ya kupima chochote, shikilia injini kwenye mizunguko 2,000 hivi kwa dakika mbili.

«Ni mafuta machafu»

Nusu kweli. Tundu la mafuta ya sailensa ni jembamba kama sindano, uchafu huliziba. Lakini kwanza washa swichi bila kuwasha injini, usikilize kwenye kabureta kama kuna mlio wa «tk». Ni solenoidi, vali ndogo ya umeme inayofungua njia hiyo ya mafuta. Ikiwa kimya, angalia waya wake kabla ya kufungua kabureta.

«Geji inasoma chini, injini imechoka»

Ni geji ya vakyumu, inayopima mvuto wa hewa wa injini kwenye sailensa. Pwani, injini nzima husoma inchi 17 hadi 21 za zebaki. Kila ukipanda futi 1,000 unapoteza kama inchi 1. Kampala iko karibu mita 1,200, toa inchi 4. Kabale toa 6. Langu linasoma 15, na kuna fundi aliyetaka kulifungulia injini kwa hiyo 15. Tungekuwa Mombasa ningempa ufunguo.