Je, Wajua Kwa Nini Damu ya Kupima Potasiamu Haitiwi Barafu?

Damu imetolewa kwenye zahanati moja upande wa Likoni, mashine ya kuipima iko kisiwani Mombasa, na katikati pana foleni ya feri na jua la mwezi wa Machi. Aliyezaliwa Pwani atakwambia papo hapo: itie barafu, isiharibike. Kama kinachotafutwa ni kiwango cha potasiamu, madini ya mwilini yanayosaidia moyo kupiga sawasawa, barafu hiyo ndiyo itakayoiharibu.

Dhana yenyewe ina msingi. Samaki na nyama huozeshwa na vijidudu, na baridi huvipunguza kasi. Lakini damu ya kupimwa haikai muda wa kutosha kuoza. Shida yake ni kwamba ingali hai. Seli zake zinaendelea kula sukari na kufanya kazi ndani ya chupa kana kwamba hazijatoka mwilini, na kipimo cha potasiamu kinategemea kazi hiyo isisimame.

Potasiamu iliyomo ndani ya seli nyekundu inazidi ile ya majimaji yanayozizunguka kwa zaidi ya mara 20. Kinachopimwa ni hiyo ya nje, ambayo kwa mtu mzima mwenye afya huwa kati ya milimoli 3.5 na 5.0 hivi kwa lita. Utando unaoizunguka seli unavuja: potasiamu hutoka, sodiamu huingia. Ichukulie seli kuwa mashua ya mbao ya zamani. Haizami kwa sababu baharia ameshika upo wake anakumba maji bila kupumzika. Baharia huyo ni pampu iliyo kwenye utando wa seli: kila mzunguko hutoa sodiamu 3 na kurudisha ndani potasiamu 2, na chakula chake ni nguvu itokanayo na sukari. Ukimtia baridi kali mikono inakufa ganzi, lakini nyufa za mashua hazizibi. Potasiamu inaendelea kutoka na hakuna wa kuirudisha.

Pampu hii iligunduliwa na Jens Christian Skou wa Denmark, aliyeandika habari zake mwaka 1957 baada ya kuchunguza mishipa ya fahamu ya kaa. Ndiyo, kaa wa pwani! Alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1997.

Ubaya ni kwamba uharibifu huu hauonekani. Seli zikipasuka, majimaji hugeuka mekundu na mtu wa maabara anajua. Damu iliyopoozwa hubaki na majimaji safi ya manjano, na mashine inapima sawasawa kilichomo. Baada ya saa kadhaa, mtu mzima wa afya anaweza kuonekana ana potasiamu ya kutishia moyo. Ninachokiogopa zaidi ni kinyume chake: mwenye potasiamu ya chini kweli akaonekana yuko sawa, akarudishwa nyumbani.

Joto nalo si salama. Kwanza pampu huchangamka na kushusha kiwango cha nje. Sukari ikiisha, kiwango hupanda. Nyuzi 20 hadi 25 ndizo zinazofaa, na Mombasa hilo linamaanisha chumba chenye kiyoyozi, au boksi ambalo vifurushi vya baridi havigusani na chupa.

Kwa hiyo anayesimamia maabara husimamia pia barabara. Suluhisho bora ni kuweka mashine ya kuzungushia damu pale pale inapotolewa, majimaji yatenganishwe na seli ndani ya saa 2. Yakishatenganishwa yapooze tu, maana seli hazimo tena. Hata hivyo kanuni moja haitoshi sampuli zote. Damu ya kupima amonia hutakiwa barafu mara moja; mkojo wa kuotesha bakteria hupelekwa ukiwa baridi; damu ya kuotesha bakteria haipoozwi kabisa. Boksi moja lenye barafu kwa zote ni kosa la mpangilio, hata dereva awe mwangalifu vipi.

Ndiyo maana saa ya kutolewa damu huandikwa kwenye chupa na saa ya kupokelewa kwenye daftari. Chupa ya potasiamu ikifika ya baridi na haijazungushwa, maabara makini huikataa na kuomba nyingine. Mgonjwa aliyekwisha kuvuka feri atakasirika, na ana haki. Aelezwe sababu kwa upole, kisha atolewe damu nyingine papo hapo kisiwani, karibu na mashine.